Utafiti Unukuliwe Hadi kwa Kungwi



Sisi tunaoshona magauni ya harusi huku Ikolo, Kyela, tunaijua kazi ya futi. Inatupa inchi za kifua na kiuno, lakini haisemi kama gauni litamkaa mwenyewe. Wanasayansi nao wana futi yao. Makala ya utafiti ikinukuliwa na mtafiti mwingine, inahesabiwa. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachoitwa h: mwenye makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yake ni 10. Namba hizo husaidia kupata vyeo na fedha za utafiti.

Hatuna ugomvi nazo. Sisi tuliolelewa na sanad tunajua umuhimu wa kusema neno umelitoa kwa nani. Tunachosema ni kwamba hazitoshi, na mfano uko hapa hapa Kyela.

Kati ya mwaka 2006 na 2011, watafiti wa NIMR Mbeya na wenzao wa Munich, Ujerumani, waliwafuatilia wakazi wa mkoa wa Mbeya, wa Kyela wakiwemo. Watu walitoa damu, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha matokeo, mwandishi wa kwanza akiwa Inge Kroidl. Kwa watu wa Kyela, wenye minyoo ya matende walipata maambukizi mapya ya VVU takriban mara mbili ya wasio nayo. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa vijana, yaani umri wa wengi wenu mnaotuletea vitambaa.

Kwa nini iwe hivyo? Hapo ndipo inapoingia elimu ya kinga ya mwili. Mtanzania Mkunde Chachage, mtaalamu wa fani hiyo, aliongoza makala ya mwaka 2014 kuhusu minyoo na seli za kinga, na ni mmoja wa walioandika makala ya mwaka 2019 kuhusu minyoo hii ya matende. Kwa lugha ya nyumbani: minyoo ikikaa mwilini, askari wa kinga hukaa macho muda wote. VVU huwapenda askari walio macho, huwaingia kwa urahisi zaidi. Minyoo haileti VVU. Inaweza kumfungulia mlango.

Na usijiangalie miguu ukasema uko salama. Wengi wenye minyoo hii hawana uvimbe wowote.

Sasa tujiulize, habari kama hii inatajwa wapi? Kwenye majarida inatajwa. Kwenye singo, kwenye kitchen party, kwa kungwi, sisi hatujaisikia. Tunafundishwa udi, mapishi na kumpokea mume. Hatusemi watafiti hawakurudi vijijini. Tunasema neno linalohusu ndoa halijafika mahali ndoa inapofundishwa.

Wapo watakaosema mambo ya maabara si ya makungwi, na kwamba utafiti mmoja si sheria. Kweli, utafiti mmoja si sheria. Lakini tunachoombwa kufanya ni kizuri hata bila huo utafiti: kunywa dawa za matende zinapogawiwa, kulala ndani ya chandarua, na kupima VVU wawili kabla ya akidi. Dada zetu wa Unguja na Pemba mnazijua dawa hizo, visiwani zilianza kugawiwa kwa wote mwaka 2001. Mjamzito asinywe, asubiri na amuulize mhudumu wa afya.

Kwa wanasayansi wetu, ombi letu ni moja. Kila makala iliyotokana na damu ya watu wa mahali fulani iwe na karatasi moja ya Kiswahili chepesi, ipelekwe msikitini, kanisani, zahanati na kwa viongozi wa kina mama. Na wanaotoa fedha waulize hilo kabla ya kuuliza h.

Kwenu makungwi na mashangazi: mkimkalisha mwari, mwambieni na hili. Hakuna jarida litakalohesabu nukuu hiyo, lakini yeye itamfaa.