MALI BILA DAFTARI: VITABU VYA NYUMBANI TUVIANDIKE TUNGALI HAI

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii mwenye duka huijua vyema, na hata mama muuza mahamri huwa na kijitabu chake cha wadeni. Lakini iko mali moja ambayo sisi watu wa pwani tumeikusanya kizazi baada ya kizazi bila ya kuiandikia daftari lolote. Mali hiyo ni vitabu.

Si nadra, katika majumba ya Mji wa Kale wa Mombasa, au ya Lamu, Siu na Malindi, kukuta kabati, kasha au shubaka lililojaa vitabu pomoni. Humo mna misahafu, vitabu vya fiqhi na nahau vilivyopigwa chapa Cairo na Bombay, tenzi zilizoandikwa kwa mkono kwa hati ya Kiarabu, tafsiri ya Qurani Takatifu ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy iliyotolewa Nairobi 1969, na riwaya na diwani za kila namna. Mwulize mwenye nyumba vitabu vyake ni vingapi, ni vipi alivyorithi na ni vipi alivyoazima, naye atajigonga kipaji cha uso na kukwambia kuwa vyote viko humo.

Hatumkatalii. Ila daftari la kichwani lina kasoro moja kubwa, nayo ni kuwa huzikwa pamoja na mwenyewe. Matanga yakisha, na nyumba ikitaka kupakwa chokaa, vitabu hugeuka kuwa mzigo. Vyengine huchukuliwa na aliyetangulia kufika, vyengine huuzwa kwa kilo, na vyengine huachiwa mchwa. Hapana ajuaye kilichopotea, kwani hapana aliyejua kilichokuwapo.

Tunalotaka kulinena leo ni hili: kuorodhesha vitabu vya nyumbani si mchezo wa wasomi wasio na kazi. Ni sehemu ya kutekeleza amana, na vyombo vya kuifanyia kazi hiyo sasa vimo katika simu za watoto wetu.

Vitabu vya namna tatu

Ukiviangalia vizuri vitabu vilivyomo katika kabati moja, utaona kuwa si vyote vya mwenye kabati. Viko vyake mwenyewe, alivyonunua au kurithi. Viko vya watu, alivyoazima kwa rafiki, kwa mwalimu wake au kwa jirani, na siku zikapita. Na viko vya wakfu, ambavyo aliyevitoa aliandika katika ukurasa wa mwanzo kuwa ni vya msikiti fulani au vya wanafunzi wa mahali fulani, visiuzwe wala visirithiwe.

Aya za mirathi katika Suratun Nisaa zimebainisha kuwa mafungu hutolewa baada ya wasia na deni. Kitabu cha kuazima si mali ya marehemu. Kina mwenyewe, na hapana budi kimrudie. Kitabu cha wakfu nacho hakiingii katika mirathi hata kidogo. Lakini warithi watajuaje? Watoto wanaoishi Nairobi, Jeddah au London wakija kwa siku tatu za matanga, watavigawanya vyote sawasawa, kwa nia safi kabisa, na kumbe wamekula haki ya mtu na haki ya msikiti.

Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, iliyomo katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni. Ikiwa deni la fedha huandikwa na kushuhudiwa, mbona kitabu cha mtu kikae miaka thelathini katika kabati la mwenziwe bila hata mstari mmoja? Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa vitabu, matanga hayo huja kweli, na mlipaji huwa hayupo tena.

Faharasa si jambo geni

Wako watakaosema kuwa kuorodhesha vitabu ni mambo ya Kizungu. Sivyo. Huko Baghdad, mwaka wa 377 Hijria, yaani mnamo 987, muuza vitabu mmoja kwa jina Ibn al-Nadim aliandika al-Fihrist, akiorodhesha vitabu vya Kiarabu alivyovijua, vya kila elimu, pamoja na habari za waandishi wake. Vingi katika hivyo vimepotea kabisa, na lau si yeye, hata majina yake tusingeyajua. Neno letu la faharasa ni ndugu wa jina la kitabu hicho. Katika karne ya 17, huko Istanbul, Haji Khalifa naye alitunga Kashf al-Zunun, orodha yenye majina ya vitabu zaidi ya 14,000. Basi anayeketi kuandika vitabu vyake anafuata nyayo za Waislamu waliomtangulia kwa miaka elfu.

Hapa kwetu nako tuna la kujifunza. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yangalipotea lau Mwalimu Sikujua hakuyakusanya katika karne ya 19, akishirikiana na mmishenari Mwingereza William Taylor. Makaratasi ya Taylor leo yako London, katika chuo cha SOAS. Mwenye kutaka kujua hati za tenzi zetu hana budi kufungua katalogi ya J.W.T. Allen ya hati zilizoko Dar es Salaam, iliyochapishwa Leiden, Uholanzi, 1970, au ile ya Ernst Dammann ya 1993, ya hati zilizoko Ujerumani. Watu hao hatuwalaumu. Walifanya kazi nao wastahili shukrani. Lakini yafaa tujiulize: vile vilivyobaki majumbani mwetu, ambavyo Allen hakuviona wala Dammann hakuviona, vimeandikwa wapi?

Jawabu la kutia moyo liko Lamu. Hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha na kuorodheshwa kwa msaada wa mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Picha zake zasomeka katika mtandao, ilhali hati zenyewe hazikuhamishwa kwao. Mali imebaki kwa wenyewe, na faida imewafikia walimwengu.

Kazi yenyewe hufanywaje?

Mtu wa kawaida hahitaji msaada kutoka London ili kuandika vitabu vyake. Tovuti ya LibraryThing ilianzishwa Marekani 2005 na Tim Spalding kwa ajili ya watu wenye vitabu nyumbani, na tangu 2020 haitozi malipo. Unajiandikisha, unaelekeza kamera ya simu kwenye ile mistari myeusi iliyo nyuma ya jalada, na mara jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka huja kutoka katika katalogi za maktaba kubwa. Mna hata pahala pa kuandika kuwa kitabu kimeazimwa na nani na tangu lini. Iko pia Zotero, programu ya bure iliyotolewa 2006 na Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Hii hukaa ndani ya kompyuta yako, na orodha yako huisoma hata mtandao ukikatika. Na Open Library humruhusu mtu yeyote kuongeza kitabu ambacho hakimo.

Siri ya mistari hiyo ni nambari iitwayo ISBN. Nambari hii ilikubaliwa kimataifa 1970, ikiwa na tarakimu 10, na tangu 2007 ina tarakimu 13. Nyingi zilizotolewa Kenya huanza na 978, kisha 9966. Nyingi za Tanzania huanza na 978, kisha 9976 au 9987. Kwa vitabu vya namna hii, kijana mmoja na simu yake aweza kumaliza rafu nzima kabla ya adhana ya Magharibi.

Vitabu visivyo na nambari

Lakini hapo ndipo palipo na mtego. Kitabu cha Cairo cha zama za babu, kijitabu cha mawaidha kilichopigwa chapa kwa mchango wa waumini, na hati ya mkono, vyote hivyo havina nambari. Simu haivitambui. Kijana aliyezoea mistari ataviweka kando akidhani havina maana, na kumbe hivyo ndivyo vyenye thamani. Riwaya yenye ISBN ikipotea, nakala nyengine zipo madukani na maktabani. Utenzi ulionakiliwa na nyanya yako kwa mkono wake ukipotea, huenda ndio umekwisha duniani.

Kwa hiyo ushauri wetu ni kuanza na hivyo visivyo na nambari, na kuviandika kimoja kimoja. Kwa kila kitabu andika jina lake, mtungaji, na mnakili ikiwa ametajwa. Andika mahali na mwaka kama ulivyo kitabuni. Ukiwa ni wa Hijria uache hivyo hivyo. Andika kimetoka kwa nani. Kisha andika neno moja ambalo hakuna mashine iwezayo kukuandikia: milki, amana, au wakfu.

Lugha nayo itiliwe maanani. Utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu usiandikwe kuwa ni kitabu cha Kiarabu, kwani atakayetafuta Kiswahili hatauona kamwe. Majina vilevile yataka uangalifu. Shaaban Robert, mmoja atamtafuta kwa Shaaban na mwengine kwa Robert. Na masheikh wetu, jina la mmoja huandikwa kwa namna tatu au nne kwa herufi za Kirumi. Chagua namna moja uishike, na hizo nyengine uzitaje pembeni.

Tahadhari mbili

Ya kwanza ni kutotia mayai yote katika kapu la mtu mwengine. Ilikuwako tovuti ya namna hii iliyoitwa Shelfari, iliyoanza 2006. Kampuni ya Amazon iliinunua 2008, na 2016 ikafungwa, wenye vitabu wakaambiwa wahamie Goodreads. Aliyekuwa na nakala yake hakudhurika. Basi kila baada ya miezi kadha itoe orodha yako katika tovuti, uihifadhi katika kompyuta, na uipige chapa kwenye karatasi, iwekwe pamoja na wasia.

Ya pili ni faragha. Nyumba ina sitara yake, na si kila kilichomo ni cha kutangazwa. Hati za kale zina wanunuzi wasio na haya, na wezi pia wana simu. LibraryThing yampa mtu nafasi ya kuifanya orodha yake isionekane na wengine, na kwa hati za mkono twashauri iwe hivyo mpaka ukoo mzima umeshauriana. Lengo la kwanza ni wenye mali waijue mali yao. Kuwajulisha walimwengu ni hatua ya baadaye, na ni hiari.

Kazi hii yahitaji watu wawili, na bahati nzuri wawili hao hukaa nyumba moja. Kijana anaijua simu, lakini wengi wao hati ya zamani hawaisomi. Mzee anaisoma hati, na anakumbuka kitabu kilitoka kwa nani, lakini simu yamshinda. Wakikaa pamoja alasiri moja kwa wiki, orodha itapatikana, na kijana atapata elimu ambayo haimo katika tovuti yoyote: kwa nini babu yake alikinunua kitabu hiki, na nani alikisoma kabla yake.

Basi shime. Wiki hii fungua kabati, toa vitabu vya rafu moja tu, vifute vumbi, na uvitenge mafungu matatu: chako, cha mtu, cha wakfu. Cha mtu, kama mwenyewe yu hai, mrudishie hata kabla hujakiandika.