Mvua Husingiziwa

TEMBEA UONE
Na Rehema Shekilindi

Wakala yeyote wa safari atakwambia uende Guatemala kati ya Novemba na Aprili. Anga huwa safi, vilele vya volkano vinaonekana vyote, na hulowi. Kwa anayefuata picha, huo ni ushauri mzuri. Mimi nakushauri kinyume chake: ukitaka kuujua mji mkuu wa nchi ile, nenda katikati ya Mei, mvua zinapoanza. Huku kwetu Dar es Salaam masika huwa yanaaga. Kule ndiyo kwanza yanabisha hodi. Kiangazi, jiji lolote linaweza kujikwatua likapendeza. Mvua ikishuka, kila kilichotupwa korongoni, kila bomba lililooza na kila kazi iliyolipiwa bila kufanywa, hutoka hadharani.

Mvua yenyewe ina adabu ya kufika kwa wakati. Jiji la Guatemala liko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi ni baridi ya kuvaa sweta, kisha jua linawaka na volkano ya Agua inasimama wazi upande wa kusini-magharibi. Ikifika saa nane mchana mawingu yameshajikusanya. Saa tisa au saa kumi yanamwaga, na wala si manyunyu. Wenyeji wanajua, ndiyo maana benki, soko na hospitali ni mambo ya asubuhi. Pale Sexta Avenida, mtaa wa waenda kwa miguu katikati ya mji wa zamani, mchuuzi aliyekuwa akiuza miwani ya jua saa nne asubuhi nilimkuta mchana amegeuza meza, sasa anauza miavuli na makoti ya nailoni. Bei ilipanda kwa tone la kwanza, ikapanda tena kwa radi. Nililipa bila kubishana, maana maji yalikuwa yameshaingia viatuni. Kisha nikajibanza na wenzangu chini ya kibaraza, kila mmoja na kikombe chake cha atol de elote, uji mzito wa mahindi mabichi, mtamu, unaokuchoma koo na bado unaushukuru.

Mvua za kwanza huleta na kitoweo. Baada ya usiku wa mvua kubwa, alfajiri hutoka ardhini zompopos de mayo, malkia wa chungu wakata-majani, wanene, wenye mabawa. Watoto huwakimbilia na ndoo chini ya taa za barabarani. Hunyofolewa kichwa na mabawa, kikabaki kile kitumbo cha nyuma, kikakaangwa na chumvi na kukamuliwa ndimu. Msomaji wa Bukoba, Kakamega au Kampala hana haja ya maelezo zaidi: kumbikumbi wetu ni jamii ya mchwa na wale ni jamii ya chungu, ila mvua inayowatoa, ndoo zinazowasubiri na ugomvi wa watoto ni vilevile. Kwa hiyo asije mtu akadhani watu wa kule wanaichukia mvua. Wakulima wa mahindi wanaihesabia siku. Lawama inaanza pale maji yanapokutana na kazi ya mikono ya watu.

Jiji hili lenyewe ni mhamiaji. Mji mkuu wa zamani, ambao leo watalii wanauita Antigua, ulibomolewa na matetemeko ya mwaka 1773, na mwaka 1776 serikali ya kikoloni ya Hispania ikahamishia makao yake katika bonde la La Ermita. Walikimbia tetemeko, wakaangukia makorongo. Uwanda waliouchagua umepasuliwa na mabonde yenye kuta za wima, na juu yake kuna tabaka nene la majivu na mawe mepesi ya volkano za kale. Udongo huo ukiwa mkavu husimama kama ukuta. Ukipata maji yanayotiririka ndani kwa ndani, humomonyoka kama sukari.

Tena jiji limekaa juu ya mgongo wa nchi. Nenda zona 2, moja ya kanda za jiji, ukaione Mapa en Relieve, ramani kubwa ya saruji aliyoisimamia mhandisi Francisco Vela, ikafunguliwa mwaka 1905. Milima yake imekuzwa kwenda juu mara tano kuliko vipimo vya mlalo, kwa hiyo hata asiyesoma ramani anaelewa. Ukisimama juu ya kile kijukwaa cha kutazamia, utaona jambo ambalo barabarani hulioni: maji ya upande mmoja wa jiji yanateremka kusini kupitia ziwa Amatitlán hadi Pasifiki, na ya upande mwingine yanaingia mto Las Vacas, kisha Motagua, hadi bahari ya Karibi. Jiji moja, uchafu wake unafika bahari mbili.

Tuanze na Karibi. Nilipelekwa kwenye ukingo wa makaburi makuu ya jiji, mahali ambapo safu ya misalaba inakatika ghafla na chini yake linaonekana dampo la zona 3, likiwa limejaza korongo. Tumbusi wanazunguka juu, malori yanamwaga, na watu wanachambua kwa mikono chuma na chupa za kuuza. Hilo ndilo dampo rasmi. Makorongo mengine yanapokea taka kimyakimya kiangazi chote. Mvua za kwanza zinapozikokota, mto Las Vacas unageuka kuwa mkondo wa plastiki, na baada ya safari ya mamia ya kilomita shehena inashushwa kwenye fukwe za Omoa, nchini Honduras, kwa watu wasiotupa hata kifuniko kimoja cha chupa hizo. Shirika la Kiholanzi la The Ocean Cleanup liliweka uzio mtoni mwaka 2022. Nguvu ya mafuriko ikaushinda. Mwaka 2023 wakarudi na kizuizi cha aina nyingine. Nawapongeza, lakini anayekinga taka mtoni anafanya kazi ambayo mwenye jiji ameikimbia.

Upande wa Pasifiki kuna kisa cha kuchekesha hadi utokwe na machozi. Ziwa Amatitlán linapokea majitaka na tope la jiji, na maji yake hugeuka kijani kwa mwani. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kwamba dawa imepatikana: kampuni moja ingemwaga kimiminika maalumu na ziwa litakate. Mkataba ulikuwa wa quetzal milioni 137.8, na malipo ya awali yakatolewa. Wanasayansi walipokipima kimiminika chenyewe, wakakuta kwa sehemu kubwa ni maji na chumvi. Wananchi wakakiita agua mágica, maji ya miujiza. Makamu wa Rais, Roxana Baldetti, aliyeupigia debe mradi huo, alijiuzulu Mei 2015 kwa kashfa nyingine, ya forodha. Rais Otto Pérez Molina akafuata Septemba, baada ya miezi ya maandamano katika uwanja mkuu wa jiji. Na kwa yale maji ya chumvi, Oktoba 2018 mahakama ilimhukumu Baldetti kifungo cha miaka 15 na miezi sita.

Sasa tuingie kwenye hoja yangu. Mei 27, 2010 volkano ya Pacaya ililipuka na kulifunika jiji kwa majivu meusi. Uwanja wa ndege ukafungwa. Siku mbili baadaye ikafika dhoruba Agatha. Majivu yakaziba mifereji, mvua ikaendelea, na Mei 30 likafunguka shimo katika zona 2 lenye upana wa kama mita 20 na kina kirefu kiasi cha kulimeza jengo zima la kiwanda cha nguo, ghorofa zake tatu zote. Picha yake ilizunguka dunia: duara jeusi katikati ya makutano ya barabara, mithili ya lililochorwa kwa bikari. Dunia ikasema, tazama mvua ilivyofanya.

Lakini wenyeji walikuwa na kumbukumbu. Februari 23, 2007, katika zona 6, shimo la aina hiyohiyo lilifunguka, kina chake kama mita 100, likaua watu na kumeza nyumba. Februari ni kiangazi kikavu. Hapakuwa na dhoruba wala majivu ya kuzungumzia. Kilichokuwapo ni bomba kuu la majitaka lililopasuka na kuula udongo kwa muda mrefu chini ya miguu ya watu. Ukiyaweka mashimo hayo mawili pamoja, utaona kwamba mvua ya 2010 ilimalizia kazi ambayo bomba bovu lilikwisha kuianza.

Oktoba 1, 2015, mlima uliporomokea kitongoji cha El Cambray II, huko Santa Catarina Pinula, ukingoni mwa jiji, na miili 280 ikafukuliwa. Idara ya maafa ya nchi hiyo, CONRED, ilikuwa imeshaonya miaka kadhaa kabla kwamba pale si pa kuishi watu. Onyo likabaki kwenye mafaili. Septemba 2023 mto Naranjo ulifurika usiku ukazoa vibanda vilivyojengwa chini ya daraja. Juu ya daraja magari yaliendelea kupita.

Nitaambiwa naonea nchi maskini. Agatha ilikuwa dhoruba kali, iliua watu zaidi ya 150 nchini humo, na tetemeko la Februari 1976 lililoua watu kama 23,000 ndilo lililowasukuma maelfu wakajenge makorongoni. Yote ni kweli. Hakuna anayehamia ukingo wa korongo kwa kupenda mandhari. Anakwenda kwa sababu ardhi tambarare ina bei na yeye hana. Hilo halifuti hoja yangu, linaikaza. Kama serikali inajua nani anaishi wapi na kwa nini, na udongo unajulikana, na mwezi wa mvua unajulikana, kilichobaki kujulikana ni nini? Sisi wa Dar es Salaam, wenye bonde letu la Jangwani linalofurika, tunalijua swali hilo, na majibu yake tumeshayasikia mengi.

Mwaka 2006 Guatemala ilipitisha kanuni namba 236-2006, inayozitaka manispaa zijenge mitambo ya kusafisha majitaka kabla ya kuyaachia mitoni, na ikaweka tarehe za mwisho. Tarehe hizo zimesogezwa mbele, kisha zikasogezwa tena. Mvua nayo ina tarehe yake, kila Mei, na haijawahi kuomba iongezewe muda. Kwa hiyo mgeni atakayefika jijini msimu huo, akimsikia kiongozi akizilaumu mvua mbele ya kamera, amwulize kanuni ya 2006 imefikia wapi.