Betri Umenunua, Kodi Umelipa, Redio Bado Si Yako!

Najua nimekuwa kimya wiki mbili, mnajua wenyewe testi zilivyotubana. Leo sina habari za kantini wala za maji kukatika hosteli. Leo nina hasira na redio. Ndiyo, redio ya gari, ile inayokuja nalo kutoka kiwandani. Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho...

Hoja yangu ni fupi. Kitu ulichonunua kwa hela yako, ukakilipia ushuru bandarini, ukakifungia namba ya T, hakina haki ya kukuuliza wewe ni nani. Na aliyekuuzia gari bila kukupa namba ya siri ya redio yake amekuuzia gari pungufu, akachukua bei ya gari zima.

Kilichonitibua ni hiki. Mjomba wangu ana kigari kidogo cha Kijapani, mtumba kama ya wengi hapa mjini, anapigia teksi usiku. Mwezi uliopita betri ikafa. Akanunua mpya, 190,000 imemtoka. Fundi akafungua nati mbili, akatoa ya zamani, akaweka mpya, gari likawaka palepale. Kuwasha redio: skrini nyeusi, mistari ya Kijapani, na chini yake kisanduku kinachotaka namba. Na kamera ya nyuma nayo kwisha habari yake, maana picha yake inapita kwenye skrini hiyohiyo! Mzee wa watu anarudi nyuma usiku kwenye vichochoro vya uswahilini kwa kuchungulia dirishani.

Akampigia aliyemuuzia. Jibu: "Mzee wangu, sisi tunauza magari, redio hatuhusiki nazo." Haya. Akaenda kwa fundi rewaya mmoja. Huyo hakuona hata tatizo: "Shikamoo mzee. Hiyo elfu hamsini tu, dakika kumi umeondoka nayo."

Dakika kumi! Hapo ndipo nilipoanza kuchemka. Kama inafunguka kwa dakika kumi kwa yeyote mwenye simu na programu yake, basi hilo kufuli linamzuia nani? Linamzuia mjomba tu.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi, maana wengi wanadhani redio imeungua. Haijaungua. Redio ya gari kwa kawaida ina nyaya mbili za umeme. Mmoja unapata umeme ukizungusha ufunguo. Mwingine una umeme muda wote, hata gari likiwa limelala, na huo ndio unaotunza saa, stesheni zako na kumbukumbu zingine. Ukichomoa kichwa cha betri, huo wa pili unakatika. Sasa redio yenye ulinzi haina macho. Haijui kama umebadilisha betri au kama kuna mtu ameichomoa kwenye dashibodi na kukimbia nayo. Inachojua ni kwamba umeme umekatika. Kwa hiyo ikirudishiwa umeme inamdhania kila mtu mwizi, na inaanza kuhoji.

Kila kampuni na mtindo wake. Honda nyingi zinataka tarakimu tano. Redio za Volkswagen za zamani zinaandika SAFE na kutaka tarakimu nne, na ukikosea mara mbili inabidi uiache imewaka kama saa nzima ndiyo ujaribu tena. Zile skrini za Toyota za soko la Japani, aliyekuwa nalo kule akiwa ameweka namba ya siri, zinakuonyesha mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu wanaouita ERC, na bila jibu lake huendi popote. Nyingine zinadai diski au kadi ya ramani ya Japani kwanza. Ramani ya Japani, jamani! Sisi tunataka kwenda Mbagala.

Na hata ikifunguka, bado umepata nusu. Redio ya FM ya Japani kwa miaka mingi ilianzia megahezi 76 ikaishia 90, baadaye wakasogeza mpaka 95. Huku kwetu stesheni zinafika 108. Ndiyo maana unauziwa na kile kidude cha kushusha masafa, stesheni ya 98 unaitafuta kwenye 78. Lakini hilo angalau mtu anaambiwa siku ananunua. La namba ya siri haambiwi, mpaka betri ife.

Sasa nasikia watetezi wanasema: "Ni ulinzi huo, zamani redio zilikuwa zinaibiwa sana." Ni kweli, na sibishi. Miaka ya 1980 na 1990 redio ya gari ilikuwa mali, wezi wakivunja vioo kwa ajili yake. Wazo la kufanya redio iliyoibiwa iwe tofali lilikuwa na akili kabisa. Lakini ulinzi wowote una sharti moja: mwenye mali awe na ufunguo. Namba ya siri aliweka au alipewa mwenye gari wa kwanza, kule Nagoya au Osaka, labda iko kwenye kikadi ndani ya droo ya jikoni kwake. Gari limeuzwa mnadani, limepanda meli, limefika Dar, limepita mikono minne. Kikadi hakikupanda meli. Hapo ulinzi umeshageuka. Mwenye mali hana ufunguo, na mtu wa pembeni anao na anauuza elfu hamsini. Huo hatuuiti ulinzi, tunauita ushuru wa njiani.

Halafu mwizi wa leo hapa mjini anahangaika na redio yako yenye Kijapani? Anataka vioo vya pembeni, taa, kontrolboksi. Hivyo havimuulizi namba.

Wengine wanasema: "Namba zikitolewa kiholela, wezi nao watazipata." Hii ndiyo hoja yao nzuri kuliko zote, kwa hiyo niijibu vizuri. Hakuna anayetaka zitolewe kiholela. Marekani, Honda wenyewe wana tovuti ambapo mwenye gari anaingiza namba ya chasisi na namba ya redio, anapewa namba yake ya siri bure. Mbinguni hakujaanguka. Na baadhi ya redio za Volkswagen zilizofuata zilifanywa zilitambue gari lao: ukiirudishia umeme ndani ya gari lilelile inawaka bila maswali, ukiipeleka kwenye gari jingine ndipo inajifunga. Si unaona? Mwizi anakwama, mwenye gari hasumbuliwi. Inawezekana, teknolojia ipo tena ya kitambo. Kinachokosekana ni mtu wa kumjali mteja wa pili, wa tatu na wa nne. Na hao wa tatu na wa nne, ndugu zangu, ndio sisi.

Na msidhani haya ni malalamiko ya watu wa mitumba peke yao. Mwaka 2012 wananchi wa jimbo la Massachusetts, huko huko Marekani, walipiga kura kupitisha sheria ya kuwalazimisha watengeneza magari wawape wamiliki na mafundi wa nje taarifa na vifaa vya matengenezo. Mwaka 2020 wakapiga tena kuongezea taarifa ambazo gari linatuma kwa mtandao. Matajiri wenye magari mapya wamekataa kufungiwa milango ya mali zao. Sisi wa mitumba tunaona ni bahati mbaya tu, tunalipa elfu hamsini na kusema asante fundi.

Kuna na kundi la tatu, wale wa "redio ni starehe, si ana simu?" Hawa ndio wananiudhi kuliko wote. Mtu anayeendesha kutoka saa mbili usiku mpaka kumi na moja alfajiri, sauti ya redio ndiyo mwenzake. Na nimeshasema kamera imekufa pamoja nayo. Leo wameunganisha redio na kamera, na kwenye magari mapya mpaka feni na viyoyozi vinaendeshwa humo humo kwenye skrini. Ukikubali leo kwamba redio inaweza kukukatalia ndani ya gari lako, kesho kitu gani kitakukatalia?

Kwa hiyo nadai nini? Mambo matatu tu.

La kwanza, kwa wenye yadi na mawakala. Siku unanikabidhi funguo, nikabidhi na namba ya siri, au chomoa betri mbele yangu nione kinachotokea. Ikijifunga, ifungue kwa gharama yako au nipunguzie bei tuandikishane. "Hatuhusiki na redio" si jibu. Ulipotangaza gari uliandika "redio, skrini, kamera". Ulihusika nazo kwenye tangazo, uhusike nazo mpaka mwisho.

La pili, kwa watengenezaji. Mnajua kabisa magari yenu ya zamani yanamalizia maisha yao Afrika Mashariki. Fungueni dirisha moja la mtandao la kuhudumia mwenye kadi ya gari na namba ya chasisi, popote alipo, kwa lugha isiyo Kijapani.

La tatu, kwa mafundi. Siwasemi wote, wapo waungwana sana. Lakini kabla spana haijagusa nati ya betri, uliza: "Mzee, redio yako ina namba? Unayo?" Sentensi moja tu. Fundi anayejua itajifunga, akanyamaza, halafu akatoza kuifungua, huyo anatengeneza ugonjwa ili auze dawa.

Na wewe unayesoma, kama nyumbani kuna gari, usisubiri betri ife. Leo hii tafuta kikadi ndani ya kitabu cha gari, au kistika kwenye droo ya dashibodi. Ukikipata piga picha, mtumie mama, mtumie kaka. Kama hukioni, andika namba ya redio yenyewe. Kwenye Honda nyingi inatokea ukibonyeza 1 na 6 pamoja huku unawasha redio, nyingine mpaka ichomolewe isomwe ubavuni. Wakati wa kubadilisha betri, mwambie fundi atunze umeme kwa betri ya pili ya volti 12, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kabla hajachomoa ya zamani. Awe makini, maana kichwa cha chanya kitakuwa na umeme hata kikiwa nje, akifunge mpira kisiguse bodi. Na ikishajifunga, usibahatishe namba, utaifunga zaidi.

Washkaji wa uhandisi, mpo? Tunamaliza miaka minne na ripoti za projekti zinazooza kabatini. Hebu mmoja afanye projekti ya kitu kama hiki, mwongozo wa Kiswahili wa redio na skrini za mitumba, bure, wa kila fundi na kila mjomba. Hiyo nitaisoma mwenyewe mpaka ukurasa wa mwisho.

Nimemaliza, hasira imepungua kidogo. Nakimbilia lekcha ya saa nane, na mwalimu wa saa nane naye akishafunga mlango haufunguki hata kwa elfu hamsini... Jioni njema wadau.