Vyuo vijiundie mitambo ya leza, visisubiri wafadhili

MTEGEMEA cha nduguye hufa maskini. Methali hii inawahusu sana wanasayansi wetu, ambao mara nyingi utafiti wao hukwama si kwa kukosa fikra, bali kwa kukosa vifaa.

Chukua mfano wa wino wenye chembechembe za madini ya fedha, ambazo upana wake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Madini hayo kwa kawaida huyeyuka katika nyuzijoto 962. Lakini chembe hizo, kwa udogo wake, huweza kushikana na kupitisha umeme zikipashwa joto la nyuzi 150 hivi. Mwale wa leza ukipitishwa juu ya wino huo, hushikanisha sehemu ulizogusa pekee. Kwa njia hiyo, njia za umeme huchorwa juu ya plastiki bila kuiunguza.

Mtambo wa kiwandani wa kazi hiyo hugharimu mamilioni ya shilingi. Hata hivyo, mtafiti anayetaka tu kujua iwapo wino wake unafaa anahitaji leza ndogo, mota za kuisogeza kwa vipimo, na kifaa cha kuziongoza. Leza na mota zimo katika kifaa cha kuchomea DVD ndani ya kompyuta kuukuu. Cha kuziongoza ni Arduino, kibao cha elektroniki kilichobuniwa Italia mwaka 2005, ambacho michoro yake hutolewa bure.

Hii si ndoto. Mwaka 2012, Maher El-Kady na Richard Kaner wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitumia kifaa cha DVD cha madukani kugeuza oksidi ya grafiti kuwa grafini, wakaunda vihifadhi umeme. Jarida la Science lilichapisha kazi yao.

Ni kweli kwamba kifaa cha kujiundia hakitoshi kuendesha kiwanda, na leza isiyofunikwa inaweza kumpofusha mtu. Kwa hivyo, kasha la kuikinga na miwani maalumu ni lazima.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliahidi utafiti asilimia 2 ya pato la taifa, lakini mgao umekuwa chini mno ya kiwango hicho. Serikali na itimize ahadi yake. Wakati huo huo, vyuo viwape wanafunzi kompyuta zilizolundikwa stoo wazifungue. Atakayejiundia mtambo atajua pia kuukarabati.