"Ataongea Tu" Mpaka Lini?

Wadau, kuna kauli moja mitaani kwetu inanikera: "Mwacheni, ataongea tu, hata baba yake alichelewa." Sawa, wapo waliochelewa na leo hawanyamazi. Lakini mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha hata maneno mawili, kama "mama maji", apelekwe akapimwe, kuanzia masikio. Tiba ya usemi siyo sindano. Ni michezo, nyimbo na kumpa mtoto nafasi ya kujibu. Tiba kwa vitendo nayo humfundisha kushika kijiko na kufunga vifungo vya shati. KCMC Moshi wanasomesha wataalamu wa tiba hii, ila bado ni wachache. Ndiyo maana mzazi naye afundishwe mazoezi ayaendeleze nyumbani kila siku. Kusubiri siyo tiba jamani. Au mnasemaje?