Kamera ya Harusi Iwe na Kadi Mbili
Kijana wa Kayanga au Nkwenda anayetaka kuishi kwa kupiga picha za harusi huanza kwa kuuliza megapikseli. Ningemsihi aulize kwanza kamera inapokea kadi ngapi za kumbukumbu. Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 ilipokea moja tu. Nikon D750 ya 2014, ambayo leo hununuliwa mtumba, inapokea mbili, na ukiiseti vizuri kila picha inaandikwa kwenye zote papo hapo. Hata upya si dhamana: Nikon Z6 ya 2018 ilirudi kwenye kadi moja, hadi Z6 II ya 2020 iliporekebisha. Kadi huharibika bila kuaga, na kiapo cha kanisani hakirudiwi. Bibi aliyesafiri kutoka Murongo kumwona mjukuu akivishwa pete huenda asipigwe picha nyingine ya maana maishani. Halafu mwanga: sherehe huishia ukumbini usiku, kwa hiyo kihisi kikubwa cha mwanga kinachovumilia ISO 3200 kinafaa kuliko megapikseli za ziada. Fedha ikibaki, nunua betri ya pili na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, begi zuri lisubiri.