Karani na Almasi Zisizokuwepo

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa uhasibu alinijia ofisini na swali moja: "Mwalimu, nikitaka kuwa mchunguzi wa makosa ya fedha, nisome nini?" Nilimjibu upesi: aongeze sheria ya ushahidi, azoee kusoma taarifa za benki mstari kwa mstari, kwani kazi yenyewe ni kufuata karatasi kuliko kufukuza watu. Alishukuru akaondoka. Jibu langu lilikuwa pungufu.

Nilipaswa kumsimulia habari za David Munyakei. Huyu hakuwa mchunguzi. Alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya, na nyaraka za malipo ya kampuni ya Goldenberg zilipita mikononi mwake. Serikali ilikuwa ikiilipa kampuni hiyo fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa ng'ambo. Almasi za Kenya! Hakuhitaji shahada ya pili kuona kasoro. Nyaraka zikawafikia wabunge wa upinzani, naye mwaka 1993 akakamatwa kwa madai ya kutoa siri za serikali. Mashtaka yaliondolewa, lakini kazi yake hakurudishiwa. Tume ya Jaji Bosire iliyoundwa mwaka 2003 ilimsikiliza, taifa likamsifu, na mwaka 2006 akafariki akiwa fukara.

Utaalamu wa kuona wizi si haba katika nchi zetu. Kilicho haba ni usalama wa aliyeuona. Nasi Tanzania tunayo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na sina ugomvi na maneno yake. Wasiwasi wangu ni huu: afisa anayechunguza jalada hutegemea barua ya uhamisho, tathmini ya utendaji na kupandishwa cheo kutoka kwa mkubwa ambaye huenda jina lake limo katika jalada lilelile. Hapo nani atamtekelezea sheria? Watumishi wa umma mnaonisoma mnalijua hili kuliko mimi.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mchunguzi asiweze kuhamishwa katikati ya uchunguzi bila sababu za maandishi kupitiwa na chombo kilicho nje ya ofisi yake.

Kijana atarudi Jumatatu kuchukua barua ya mapendekezo. Nitaitia sahihi. Nitampa pia nakala ya sheria hiyo, na safari hii nitamwomba aketi.